Rahisi ni Ghali, na ya Bure Je?

Kati ya vitu vinavyopatikana kwa urahisi Kibaha, ukiacha foleni ya malori na ushauri ambao hukuuomba, programu ya muziki iitwayo FL Studio imo. Kuanzia Mailimoja hadi Mlandizi, kijana akinunua laptop iliyotumika leo, kesho fundi keshamwekea, wala hakuagizwa. Inakuja tu pamoja na Windows, filamu za Kikorea zilizotafsiriwa Kiswahili, na folda ya picha za harusi ya watu wasiojulikana. Ukizungukia Pugu ukapanda Kisarawe, utaikuta imefika kabla yako. Kwa hali hiyo, kumshauri mtu namna ya kupata programu za kutengenezea muziki kwa bei nzuri kunaonekana ni kumpotezea muda, maana bei nzuri kuliko bure ni ipi? Mimi nashikilia kwamba ipo. Kwa prodyuza wa Pwani, programu ya wizi ndiyo ghali kuliko zote, ile yenye punguzo la asilimia tisini inaifuata kwa karibu, na dili la kweli ni lile lisilomsisimua mtu: leseni moja ya bei ya wastani, vya bure vilivyo halali, basi. Najua hoja yenyewe haina mvuto. Hakuna aliyewahi kujigamba kijiweni kwamba amenunua kitu kwa bei iliyoandikwa.

Tuanze na hiyo ya bure, ile inayoitwa kraki. Maelekezo ya kuiweka huanza kwa amri mbili ambazo kwingine kokote zingemtia mtu wasiwasi: zima kinga ya virusi, halafu zima intaneti. Ya tatu ni kwamba usithubutu kubonyeza palipoandikwa sasisha. Prodyuza anatii zote tatu kwa unyenyekevu ambao mama yake hajawahi kuuona. Kinachoingia baada ya hapo si siri. Juni 2019, kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET, yenye makao yake Slovakia, ilitoa taarifa kuhusu programu haribifu iliyoipa jina LoudMiner, iliyokuwa ikisambazwa ndani ya programu za muziki zilizovunjwa kufuli. Kwenye tovuti moja tu walikuta programu 137 za namna hiyo, 95 za Mac na 42 za Windows, zikiwamo zenye majina makubwa kama Ableton Live na Kontakt. Kazi yake haikuwa kufuta nyimbo wala kuiba picha. Ilikuwa inaitumia kompyuta ya mwenyewe kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero kwa faida ya mtu mwingine. Na sababu ya kuwalenga wanamuziki, kwa maelezo ya watafiti hao, ni ya akili kweli: kompyuta za muziki huwa na nguvu, na wenye nazo wamezoea kuziona zikielemewa, kwa hiyo hawashtuki. Sasa lipeleke jambo hilo Kisarawe. Laptop imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa ipate hewa, feni yake inavuma kuliko besi, prodyuza anamweleza mteja kwa fahari kwamba biti hii ni nzito, kumbe biti ina ngoma mbili na kinanda. Kilicho kizito ni Monero. Uniti za LUKU zilizonunuliwa kwa hela ya kurekodi tangazo la mnada zinateketea kumtajirisha mtu asiyejua hata Kisarawe iko upande gani wa Pugu. Huo nao ni uwekezaji, ila wa kwenda nje.

Hasara hiyo angalau haionekani. Inayoonekana ni kazi kugoma kufunguka. Chukua Cubase, programu ya Steinberg ya Hamburg, iliyolea studio nyingi za bongo fleva. Mpaka leo utawasikia watu wakiapa kwamba Cubase 5, toleo la mwaka 2009, haijapata mpinzani. Inawezekana. Lakini wengi waliganda pale kwa sababu matoleo yaliyofuata yalikuwa magumu kuvunja. Steinberg waliendelea kutumia kifaa cha USB kama kufuli mpaka walipoachana nacho kwa Cubase 12 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, mtumiaji hakuchagua toleo linalomfaa. Mvunja kufuli ndiye aliyemchagulia, na siku mvunja kufuli alipochoka, maendeleo ya muziki wa kata nzima yakasimama naye. Kisha Windows inajisasisha yenyewe usiku, au laptop inakufa na mpya haikubali programu ndogo za nyongeza, yaani plagini, za zamani, na hapo ndipo kwaya inaporudi. Wamekuja Jumamosi, watu ishirini na tano na mwalimu wao, kurekebisha ubeti wa pili tu, soprano wawili waliotangulia wenzao. Prodyuza anabofya, skrini inamjibu kwamba plagini sita hazijulikani zilipo. Anazima, anawasha, anasema ni mtandao, ingawa kazi yenyewe haihitaji mtandao. Mwalimu wa kwaya ana subira ya Ayubu, ila nauli ya watu ishirini na tano kutoka Maneromango haina subira hata kidogo. Ukipiga hesabu ya siku hiyo moja, nauli, chai, na kwaya kuhamia studio nyingine, leseni ingekuwa imeshalipwa na chenji imerudi.

Hapa watu husema: hao Wazungu wana hela, leseni moja ya Kibaha haiwatoi jasho. Sawa, haiwatoi. Tatizo ni kwamba msemaji ni yuleyule ambaye wiki iliyopita alikuwa anapaza sauti kwamba biti yake imechukuliwa na msanii wa mjini bila kulipwa, na kwamba wanaogawa nyimbo kwenye flashi wanaua sanaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyotuletea COSOTA, inazilinda nyimbo na inazilinda programu za kompyuta vilevile. Haikuweka kifungu kinachosema isipokuwa mwenye mali akiwa mbali. Mtu anaweza kushinda kesi ya biti iliyoibwa na kushindwa nyingine ya kifaa alichoitengenezea, siku hiyohiyo, mbele ya hakimu huyohuyo. Sisemi polisi wataanza msako wa plagini za wizi mtaani Picha ya Ndege. Wana kazi nyingine. Nasema tu kwamba malalamiko yetu yangekuwa na uzito zaidi kama yasingeandikwa kwenye kompyuta ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha, na hilo silichezei. FL Studio toleo la chini, liitwalo Fruity, limeuzwa kwa miaka mingi dola 99. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni 247,500. Kwa prodyuza anayelipwa kwa ahadi, hizo ni ahadi nyingi mno. Lakini tazama kinachonunuliwa. Image-Line, kampuni ya Ubelgiji iliyoitoa programu hiyo mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, inatoa masasisho ya bure maisha yote: ukilipa leo, toleo jipya la miaka kumi ijayo ni lako bila kuongeza senti. Gawanya laki mbili na nusu kwa miaka kumi, unapata shilingi elfu mbili na ushee kwa mwezi. Kuna bando la wiki linalopita hapo. Asiyekuwa nayo kwa mkupuo anaweza kutumia toleo la majaribio, ambalo halina kikomo cha siku na lina kila kitu, isipokuwa kazi uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ununue. Vijana wakagundua dawa yake: usiifunge. Kompyuta inakaa macho tangu Jumatatu, wadogo zao wamekatazwa hata kupita karibu na soketi, wimbo unakaribia kukamilika, na Alhamisi jioni umeme unakatika kuanzia Tumbi hadi Visiga. Matumizi mazuri ya toleo hilo ni kumaliza kazi ndogo kwa kikao kimoja na kuitoa kama faili la sauti, si kuilinda usiku kucha.

Ipo pia Reaper, na kwa mfuko wa Kibaha naiona ndiyo bingwa, ingawa sura yake haivutii na haina jina mtaani. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, ambaye wengi walitumia kazi yake bila kumjua, maana ndiye aliyetengeneza Winamp, ile iliyopiga nyimbo kwenye kila kompyuta ya intanetikafe enzi zake. Inakupa siku 60 za kujaribu bila kukufungia chochote. Leseni ni dola 60, karibu 150,000, na inakuvusha matoleo makubwa mawili, ambayo ni miaka kadhaa. Sharti la bei hiyo ni kwamba uwe unaitumia binafsi, au biashara yako isiingize zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama milioni hamsini za Kitanzania. Studio ya Kisarawe inayozidi hapo ijitokeze, si kwa ajili ya Reaper, bali sote tupate kujua wanarekodi nini.

Sasa nije kwenye punguzo, ambako wanaanguka hata waliokwisha kuokoka na kraki. Anayejua kununua mitumba Mailimoja hababaishwi na bei ya kwanza: shati linatajwa elfu thelathini, linatoka kwa elfu saba, na muuzaji anaapa amepata hasara huku akikutafutia mfuko. Mtu huyohuyo akifungua ukurasa wa plagini akakuta dola 249 imepigwa mstari mwekundu na pembeni yake imeandikwa 29.99, akili yote inamtoka. Anaamini ameokoa dola 219. Waves, kampuni ya Israeli iliyoanza mwaka 1992 na yenye heshima kubwa katika kazi hii, imezoeleka kuuza kwa bei za namna hiyo karibu mwaka mzima. Kinachobadilika ni jina la sikukuu. Juu ya ofa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, zimebaki saa tatu, dakika kumi na moja, na ikifika sifuri inaanza upya kwa jina la ofa nyingine. Bei ya kila siku ikiitwa punguzo, hilo si punguzo, ni bei.

Na hata hiyo 29.99 siyo utakayolipa. Kwa shilingi 2,500 ni karibu 75,000. Tangu Julai 2022 sheria inawataka wauzaji wa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi nao wamtoze mnunuzi wa Tanzania Bara VAT, na kiwango kikiwa asilimia 18, muuzaji anayeifuata anakufikisha kama 88,500. Dola inabadilishwa kwa kiwango cha benki yako, si kile ulichosikia redioni. Kisha kuna kupakua. Plagini ya kawaida ni nyepesi, lakini maktaba za ala zinakula gigabaiti kwa makumi, kubwa kwa mamia, na bando la usiku linaisha saa kumi alfajiri ikiwa asilimia themanini na nane. Mwisho kabisa inaingia kwenye laptop yenye RAM ya gigabaiti nne, ambayo ilikuwa inahema hata kabla hujanunua kitu. Yote haya kwa ajili ya kompresa ya tano, plagini ya kusawazisha nguvu ya sauti, wakati zile nne za mwanzo hakuna anayeweza kueleza zinatofautianaje. Haijapata kutokea abiria wa daladala ya Mbezi na Mlandizi akamwomba kondakta aongeze sauti kwa sababu ameipenda kompresa.

Wako wanaosema basi tusubiri Ijumaa Nyeusi, ile ya Novemba baada ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Sina ugomvi nayo. Kama kitu unakihitaji tangu Machi, ukakiandika kwenye karatasi, na Novemba bado unakihitaji, kinunue kwa nusu bei na Mungu akubariki. Tatizo ni yule ambaye mahitaji yake yanazaliwa Ijumaa asubuhi na kufa Jumatatu. Na wala punguzo si kipimo cha thamani. Valhalla DSP, kampuni ndogo ya Marekani inayosifika kwa plagini za mwangwi, imeuza plagini zake za kulipia dola 50 kila moja, mwaka nenda mwaka rudi, bila ofa, bila saa ya kuhesabu, bila mstari mwekundu. Anayeitaka anaijua bei yake tangu akiwa usingizini. Nawaheshimu zaidi hao kuliko wanaonitumia barua pepe nne kwa siku moja zenye neno “mwisho”.

Kukodi kwa mwezi nako nakuonea shaka, hasa kwa sisi ambao kipato kinakuja kwa msimu. Harusi zikiisha, Kwaresima ikiingia na Ramadhani ikikaribiana nayo, studio inarekodi ukimya, lakini ada ya mwezi haina dini. Machi 2023 Waves walitangaza kwamba kuanzia hapo wangekodisha tu, kununua basi. Wateja dunia nzima waliwaka, na ndani ya siku chache kampuni ikarudisha utaratibu wa kununua. Funzo la bei nalipata hapo kuliko kwenye ofa zote: mnunuzi halali alikuwa na sauti. Mwenye kraki alikuwa anasoma tu habari, hana pa kusainia.

Vya bure vilivyo halali, kwa upande mwingine, ni vingi kiasi cha kutia aibu. Vital, sinthesaiza ya Matt Tytel iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure ambalo kwa kazi za singeli na bongo fleva sioni linachokosa. Surge XT ni bure moja kwa moja. Valhalla hao hao wasiopunguza bei wanatoa Supermassive bila malipo. Kwa wanaotaka sauti ya mwimbaji inyooke, na Pwani hii ni wengi, MAutoPitch ya MeldaProduction na toleo la bure la Graillon zinafanya kazi hiyo bila kumhukumu mtu. Spitfire Audio ya London ilipotoa BBC Symphony Orchestra Discover mwaka 2020, iliiuza dola 49 kwa mwenye haraka na kuitoa bure kwa aliyejaza dodoso na kusubiri siku 14. Siku 14! Mtu aliyesubiri kuunganishiwa maji, kitambulisho cha taifa, na deni la msanii chipukizi anaambiwa asubiri wiki mbili apewe okestra nzima, naye anakwenda kutafuta kraki kwa sababu ana haraka. Niongeze tu kwamba ugonjwa wa kukusanya unaingia hata huku. Plagini mia mbili za bure ni njia nyingine ya kutomaliza wimbo.

Dili ninalolipenda kuliko yote liko ndani ya boksi, na ndilo linalotupwa. Kadi za sauti za kampuni zinazojulikana huuzwa na programu zake: Focusrite Scarlett huja na Ableton Live Lite na rundo la plagini, Steinberg UR huja na Cubase AI, PreSonus zimekuwa zikija na Studio One. Namba ya kujisajili iko kwenye kikaratasi, au kwenye kifaa chenyewe. Mnunuzi anarudi kutoka Kariakoo, anafungua boksi kwa meno, anachukua kifaa na waya, na kikaratasi kinakunjwa mara nne kuzuia meza isiyumbe. Jioni anampigia fundi amletee Cubase ya kraki. Meza imesimama juu ya Cubase halali. Ukinunua kadi ya mkononi, muulize kwanza muuzaji kama namba imeshatumika, kwa sababu ikishatumika kwa kawaida imekwisha. Na wale wa V8, nasema kadi ya sauti na siyo gari la serikali, najua ina kitufe cha vigelegele na kitufe cha kicheko, na kwa bei yake haina mpinzani, lakini msitegemee kukuta Cubase ndani.

Punguzo lingine la kweli ni la wanafunzi na walimu, na linashangaza kwamba halijulikani katika miji yetu hii. Kibaha ni mji uliokua pamoja na shule. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali mwaka 1970. Kisarawe ina shule ya Minaki. Walimu wa kwaya karibu wote ni walimu wa kitu kingine kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ableton huwapunguzia watu hao asilimia 40, na Steinberg wana bei ya elimu pia, bila kusubiri Novemba. Kinachotakiwa ni ushahidi. Kampuni inaomba barua pepe ya shule au kitambulisho, na mwalimu wetu anawapelekea barua ya mkuu wa shule yenye kumbukumbu namba, YAH iliyopigiwa mstari, na mihuri miwili, mmoja ukiwa umepinda. Ni ushahidi mkubwa kuliko waliouomba. Ambatanisha na kitambulisho, utaeleweka.

Limebaki pingamizi la ubora, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba bila vile vya bei mbaya huwezi kusikika kama wakubwa. Ushahidi wa hapa nyumbani unakataa. Mchiriku, muziki wenye damu ya ngoma za Wazaramo wa Pwani hii hii, ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio na spika za honi, vitu ambavyo duka la muziki la Ulaya lisingeviweka hata dirishani. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu ya Jagwa Music, Bongo Hotheads, kwa ajili ya sauti hiyohiyo. Singeli nayo, inayopita mapigo mia mbili kwa dakika, ilipikwa kwenye kompyuta za kawaida za uswahilini. Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017 na kuwafungulia wenyewe njia ya matamasha ya Ulaya. Miaka miwili baadaye Jay Mitta akatoa albamu kwa kampuni hiyohiyo na kuiita Tatizo Pesa. Angalau alilijua tatizo.

Ninakubali jambo moja. Kama unarekodi sauti za watu kando ya Barabara ya Morogoro, malori ya kwenda Tunduma yanaimba besi kwenye kila ubeti, na plagini nzuri ya kuondoa kelele inaweza kujilipa. Ila kabla ya kuinunua, funga dirisha. Trei za mayai ukutani hazizuii lori. Kazi yake kubwa ni kuwaambia wageni kwamba hapa kuna studio. Mablanketi mazito mawili na godoro nyuma ya mwimbaji yatafanya zaidi, na mvua ikianza kupiga bati la Kisarawe, hakuna plagini duniani itakayokuokoa. Pumzikeni mnywe chai.

Kuhusu kulipa, kisingizio kwamba huku hatuna kadi kimezeeka. Benki zinatoa, na mitandao ya simu, M-Pesa ikiwamo, ina kadi za mtandaoni unazojaza kiasi unachokitaka, jambo ambalo ni kinga nzuri dhidi ya saa za kuhesabu: kadi yenye laki na nusu hainunui kompresa tano. Fomu itakuuliza jimbo, andika Pwani. Itakuuliza msimbo wa posta, na hapo ndipo watu wazima hukimbia. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilibandika namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa. Toka nje ukasome kibao kilichoko mlangoni kwako, pengine kwa mara ya kwanza.

Basi hesabu yangu ni hii. Mwenye 150,000 anayerekodi kwaya, kaswida na matangazo, anunue Reaper. Mwenye 250,000 anayepiga biti anunue FL Studio, lakini asome kwanza kipi kimo kwenye toleo analolipia, maana kwa miaka mingi lile la dola 99 halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti, na wapo waliogundua hivyo kwaya ikiwa imeshapanga mistari. Mwalimu aombe barua yake ya mihuri. Mwenye kadi ya sauti atazame chini ya mguu wa meza. Asiye na kitu kabisa atumie vya bure vilivyo halali, afute kraki, na aone LUKU itakaa siku ngapi zaidi. Na fundi akija na flashi yenye plagini zote za dunia kwa hela ya soda, mpe soda, flashi arudi nayo.